Titani Ipo, Msiuze!

Jumatatu, 4 Machi

Tumeletewa tusi. Limeandikwa vizuri na lina mhuri, lakini ni tusi. Kampuni Kubwa inataka kununua hisa zote za kampuni yetu ndogo, ile inayotafuta titani kwenye mchanga mweusi kule bondeni. Bei yao haijai kiganja. Mwisho wa kukubali ni Jumatano ya tarehe 20, wakala wa hisa akifunga ofisi.

Sasa mtu ajiulize. Kwa nini Kampuni Kubwa inunue kitu kisicho na kitu? Jibu ni moja tu. Titani ipo! Wameinusa, wanataka kutunyang'anya kabla hatujajua tulicho nacho. Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa kwenye kundi la simu la wanahisa wadogo. Watu wakaanza kuniwekea vidole gumba. Vilikuwa vinapanda vizuri. Ndipo akaingia Daktari wa Meno.

Daktari wa Meno ni mwanahisa mdogo kama sisi, ila anajiona kundi ni lake. Kaandika sentensi moja: kampuni inatafuta titani miaka sita sasa, na anayetafuta maana yake hajapata. Vidole gumba vikamwagika. Kwa sentensi ambayo hata mtoto wa chekechea angeitunga!

Mke wangu aliisoma barua ile akiwa na pini mdomoni. Ni fundi cherehani, pini humkaa mdomoni kama maneno yanavyomkaa mtu mwingine. Akauliza tunasaini wapi. Hisa zetu zimeandikwa majina mawili, lake na langu, bila saini zote mbili haziuziki. Nikamwambia hatusaini popote. Akazitoa pini, moja moja. Akanikumbusha kwamba hisa hizo zilinunuliwa kwa akiba yake ya chumba cha kushonea, na kwamba niliahidi ni kwa mwaka mmoja tu. Nikasema subira yavuta heri. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sijui nani aliyeruhusu methali ziwe zinapingana namna hii.

Jumanne, 5 Machi

Daktari kaandika kundini kwamba mambo ya madini yaachiwe wanaoyajua. Amenilenga mimi. Mimi ni mwalimu wa udereva, na sioni aibu. Nina shule yangu mwenyewe: gari moja, uwanja mmoja, na ofisi ya chumba kimoja yenye dirisha linalotazama barabara. Na yeye anajua nini? Anang'oa magego!

Eti kwa vile huwapandikizia watu vipande vya titani kwenye taya, anaijua titani kwa mkono. Basi kila mla mkate ni mkulima wa ngano.

Mwanafunzi wangu wa asubuhi ni Mama Mkunga. Amewazalisha wanawake wa mji huu maisha yake yote, amestaafu, sasa kaamua kujifunza gari. Naye ana hisa chache. Nilimweleza jambo lote tukiwa kwenye mzunguko wa barabara. Kwamba mashimo mawili waliyochoronga yalionyesha titani. Kwamba titani ni nzito, hutulia chini. Kwamba hutengenezewa ndege. Tuliuzunguka ule mzunguko mpaka nikamaliza maelezo, maana hakujua atokee wapi na mimi sikutaka kujikatiza. Akauliza, na mashimo mengine yalionyesha nini? Nikamwambia aangalie kioo cha pembeni.

Alhamisi, 7 Machi

Mkutano wa wanahisa wadogo, ukumbi wa kukodi juu ya duka la vifaa vya umeme. Viti vya plastiki, feni moja, na feni yenyewe inamtazama Daktari tu.

Kampuni ilimtuma mjiolojia wake, mwanamke mpole mwenye vumbi viatuni. Alisema utafiti una "dalili za kutia moyo". Daktari akasimama na taarifa za miaka iliyopita. Akazisoma kwa sauti ile ya kumwambia mtu afungue mdomo. Mwaka jana: dalili za kutia moyo. Mwaka juzi: dalili za kutia moyo. Watu wakacheka. Mimi sikuona kichekesho. Kampuni yenye msimamo haibadilishi maneno!

Akaendelea. Kuonja titani kwenye mashimo mawili si kuwa na mgodi. Bondeni hakuna barabara, hakuna maji ya kuoshea mchanga, hakuna umeme. Kila mwaka tunaombwa tuchangie mashimo mengine. Tuuze tungali na cha kuuza.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa mbele ya kioo cha gari. Nikasema: dalili ya mvua ni mawingu. Makofi! Safu yote ya nyuma. Daktari akajibu kwamba mvua anaikubali, ila nyumbani kwake mtungi hujazwa maji, haujazwi mawingu. Makofi zaidi. Safu ile ile ya nyuma! Watu hawana haya.

Kisha akasema, huku ananitazama, kwamba tutakutana tena Jumapili ya tarehe 17 kuamua kwa pamoja tuuze au tushikilie. Mwenye ushahidi aulete mezani. Asiye nao atuachie ngonjera. Ngonjera! Mimi! Nimerudi nyumbani nachemka. Hata chakula sikukimaliza, nimekula nusu tu na kuongeza kidogo.

Jumamosi, 9 Machi

Ushahidi wanataka? Wataupata.

Mpango ulikuwa hivi. Nitaenda mwenyewe bondeni, nitachukua mchanga, nitaupeleka kwenye maabara isiyo ya kampuni. Tatizo likawa mafuta ya gari. Nikakumbuka kwamba Mama Mkunga bado hajafanya somo la safari ndefu, na mafuta ya somo hilo ni juu ya mwanafunzi. Kwa hiyo yeye anajifunza, mimi natafiti. Akili kama hiyo Daktari hana.

Mama Mkunga anaendesha kana kwamba kila jiwe barabarani ni mjamzito. Baiskeli zilitupita. Mtu aliyebeba godoro alitupita. Nikamwomba aingize gia ya tatu. Akasema mwanangu, haraka haraka haina baraka.

Kambini mlinzi akatuzuia. Nikamwambia mimi ni mmoja wa wenye kampuni. Akasema mimi ni mwenye kampuni wa nne wiki hii. Nikamuuliza kama anajua anaongea na nani. Akasema hajui, ndiyo maana hafungui. Sawa! Nikazunguka seng'enge mpaka nikakuta tundu, na ndani kidogo chungu ya mchanga mweusi waliotoa shimoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Suruali ikachanika nyuma. Mke wangu atashona.

Sikuwa na mfuko. Kwenye buti la gari kulikuwa na ndoo ninayochorea mistari myeupe ya maegesho kule uwanjani. Rangi ilikuwa imekauka ndani, nikaikwangua kwa bisibisi kadiri nilivyoweza, nikapuliza, nikajaza mchanga. Mimi ni mtu msafi. Mchanga mweusi, mzito, mzuri kuutazama! Njia yote ya kurudi ndoo ilikuwa inarukaruka kwa sababu ya klachi ya Mama Mkunga. Nikaishikilia mapajani kama kichanga, naye akanisifu kwamba nimeipakata vizuri.

Jumatatu, 11 Machi

Maabara. Mpimaji ni mtu wa miwani minene na maneno machache. Alitaka mchanga wa kujaza kikopo kidogo tu.

Hapo elimu ikanisaidia. Mtu wa kawaida angechota juu. Mimi najua titani ni nzito, hutulia chini. Nikazamisha mkono mpaka mwisho wa ndoo, nikakwaruza kwa kucha, nikatoa ule wa chini kabisa. Na nikaona nini? Chembe nyeupe! Juu hazikuwepo hata moja. Chini zimejaa!

Mpimaji akauliza sampuli ilichukuliwaje. Nikamwambia kwa mikono yangu mwenyewe. Akauliza ilikuwa kwenye chombo gani. Nikamuuliza kwani yeye anapima mchanga au anapima vyombo. Akaandika.

Jumatano, 13 Machi

Nyumbani si kuzuri. Mke wangu anashona gauni la bi harusi kwenye meza ya kulia. Chakula kikiiva anakunja vitambaa, anashusha cherehani sakafuni, anafuta meza. Tukimaliza kula anaipandisha tena cherehani na kupanga upya. Leo mtoto wetu mdogo kalimwagia gauni uji. Mke wangu kalifua, kalipiga pasi, hakugomba.

Baadaye akasema ameona chumba karibu na soko. Kina mlango na dirisha. Mwenye nyumba atamshikia mpaka tarehe 20. Nikamwambia titani ikitoka hatapanga chumba, atamiliki jengo. Akauliza, itoke wapi? Nikaitambua hiyo lugha. Nikamuuliza kama amekuwa akizungumza na Daktari wa Meno. Kumbe alimng'oa jino mwezi uliopita! Mtu anafanya kampeni mpaka ndani ya mdomo wa mke wangu!

Ijumaa, 15 Machi

TITANI IPO!

Mpimaji alipiga simu wakati namfundisha Mama Mkunga kurudi nyuma. Akasema titani iliyomo kwenye sampuli yangu imepita mchanga wowote aliowahi kupima. Akasema pia kuna jambo moja angependa tulizungumze. Sikusubiri. Nikapiga yowe. Mama Mkunga akakanyaga mafuta badala ya breki, tukalibeba pipa la taka la jirani. Pipa si kitu.

Nimeyatangaza matokeo kundini. Simu imekuwa moto kwa vidole gumba. Mtu mmoja kaniita Profesa. Daktari wa Meno, kimya! Mpimaji kanipigia tena na tena. Sipokei. Najua anachotaka. Mtu akishaona matokeo kama yale lazima atake hisa, na mimi siuzi.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, kweli? Nikasema kweli. Akakaa kitini, mikono mapajani. Akatabasamu kidogo, kama anaogopa kuliharibu tabasamu lenyewe. Akauliza kama kwenye hilo jengo kungeweza kuwa na mahali pa kujaribia nguo, penye kioo kirefu. Nikamwambia vioo vitatu. Nimefurahi leo kuliko siku niliyoolewa. Niliyooa! Sijui nimeandika nini. Nina furaha mno.

Jumapili, 17 Machi

Sijapata kuona viumbe wabaya kama wanahisa.

Nilifika na ndoo yenyewe. Mke wangu alikuwa amenikatia kitambaa chekundu cha kuifunikia. Nikaiweka mezani, nikaifunua, nikasoma matokeo. Watu walisimama! Waliokwisha kusaini kuuza wakadai warudishiwe fomu zao. Safu ya nyuma ikaniimbia. Daktari akaomba kuuliza jambo moja tu: nani alishuhudia mchanga huu ukichukuliwa?

Shahidi ninaye! Nikamwita Mama Mkunga.

Akasimama, kavaa vizuri, kajaa fahari. Akasema kweli tupu. Kwamba yeye ndiye aliyeshika usukani. Kwamba tulizuiwa getini. Kwamba mwanawe huyu akainama kwenye seng'enge na suruali ikaachia. Kicheko. Kisha, kwa kutaka kunisaidia, maana ana roho njema, akaongeza kwamba hata ndoo ni ile ile, yeye anaijua vizuri. Ndiyo mwalimu anayochorea mistari myeupe ya maegesho, ile ambayo yeye huikanyaga kila siku.

Daktari akasogea. Akazamisha mkono mpaka chini ya ndoo. Akatoa chembe moja nyeupe, akaishika kwa vidole viwili, akaikunja. Ikakunjika. Akasema, kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma, kwamba jiwe halikunjiki. Akawaeleza watu kwamba rangi nyeupe hutengenezwa kwa titani, ndiyo inayoipa weupe. Akanipa mkono wa hongera. Titani mwalimu kaipata, akasema, ila ilishachimbwa zamani, ikasafishwa, ikauzwa dukani.

Walicheka mpaka viti vikagongana. Safu ya nyuma ndiyo iliyoongoza! Mmoja akapendekeza tuchoronge uwanja wangu wa maegesho. Mwingine akauliza kama anaweza kuuza hisa za ukuta wa sebule yake. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Wakaamua kuuza, wote kwa sauti moja, ukiondoa sauti yangu.

Habari zilimfikia mke wangu kabla yangu. Hakuitaja ndoo. Aliuliza tu ile suruali iko wapi, aishone.

Jumatatu, 18 Machi

Nimefikiri kwa utulivu. Jana kilithibitishwa kitu gani? Kwamba ndani ya rangi mna titani. Basi! Nani alithibitisha kwamba mchangani haimo? Hakuna! Ukumbi mzima wa watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo.

Nimeliandika kundini. Nimeondolewa kundini. Kumbe msimamizi wa kundi ni Daktari wa Meno. Sasa naelewa mengi.

Nimempigia mpimaji nikamuuliza mbona hakuniambia mambo ya rangi. Akasema alinipigia mpaka chaji ikamwishia. Mtu mwenye jambo la maana hapigi simu. Huja.

Jumanne, 19 Machi

Mpango mpya. Nina hakika Daktari amewekwa mfukoni na Kampuni Kubwa. Nitaenda kliniki kwake nikijifanya naumwa jino, nimbane maswali ana kwa ana, akiri.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Nikakaa kwenye kile kiti chake kinacholala. Nikaanza: Daktari, hebu niambie ukweli. Akasema fungua mdomo. Nikafungua. Kosa! Akaweka kioo, akaweka pamba, akaweka mrija wa kunyonya mate, ndipo yeye akaanza kujadili. Hoja moja baada ya nyingine! Kwamba Kampuni Kubwa haihitaji titani, inahitaji eneo. Kwamba yeye mwenyewe atauza kwa hasara, na roho inamuuma, lakini hasara ndogo ni bora kuliko kubwa. Kwamba nimfikirie mama watoto. Mimi najibu aaa, aaa. Ananiambia nafurahi tumekubaliana.

Isitoshe akaona gego limeoza kweli. Nilikwenda kuigiza, nimerudi sina jino. Shavu limevimba. Na nimelipishwa ada ya kumsikiliza!

Jumatano, 20 Machi

Siku ya mwisho.

Asubuhi mke wangu aliweka fomu mezani, na kalamu juu yake. Saini yake ilikuwa tayari. Akasema atasema mara moja tu. Kwamba tangu tuoane ameshonea kwenye meza ya kulia. Amewashonea watu nguo za harusi na nguo za msiba, na hana hata mahali pa kumwambia mteja karibu, kaa. Amekunja na kukunjua mpaka amechoka. Jengo hataki. Anataka mlango wake.

Mimi si jiwe. Nikasaini! Naliandika hapa ili lijulikane: nilisaini, kwa wino, jina lote. Nikamwambia nitaipeleka mwenyewe kwa wakala. Akanisindikiza mpaka nje, akaninyoosha kola, akanishika kidogo shavu lile lisilouma.

Kwa wakala foleni ilikuwa imefika barabarani. Nyuso zote za safu ya nyuma zilikuwepo. Na pale kaunta, nani amesimama anawasaidia watu kujaza fomu, hakuna aliyemtuma? Daktari wa Meno! Akaniona. Akanyoosha mkono apokee fomu yangu. Akatabasamu kwa meno yote.

"Hatimaye, mwalimu," akasema.

Hatimaye! Angeweza kusema karibu. Angeweza kuuliza habari za nyumbani, au za gego. Kasema hatimaye! Watu wakageuka. Mtu mmoja akakohoa kile kikohozi cha kufichia kicheko. Nikaikunja fomu, nikaitia mfukoni, nikasema nimepita tu kuuliza choo kiko wapi. Nikatoka.

Nikakaa garini ng'ambo ya barabara. Nilijiambia akiondoka nitaingia. Hakuondoka! Mtu hana wagonjwa? Alikaa pale mpaka wakala akateremsha mlango wa chuma. Nilimwona anamsaidia hata kufunga kufuli. Kwa hiyo, kwa haki kabisa, aliyeizuia fomu ile isifike ni yeye.

Nimemwambia mke wangu. Nilitarajia kelele, na majibu nilikuwa nayo. Hakupiga kelele. Alisema sawa. Akaanza kukunja vitambaa, kwa sababu ulikuwa wakati wa kula. Nilitaka kumsaidia kushusha cherehani, akasema ameizoea.

Sikusikia ladha ya chakula. Ni gego.

Jumamosi, 23 Machi

Kampuni Kubwa imetangaza mipango yake. Utafutaji wa titani umefutwa. Mchanga wote wa bondeni utauzwa kwa wajenzi, wa kuchanganyia zege. Mjiolojia mpole amerudishwa kwao na vumbi lake. Nimemuuliza wakala hisa zetu sasa zitakuwaje. Akasema zitabaki kama zilivyo. Nikamuuliza nani atazinunua nikitaka. Akatazama dari.

Zege! Wananiona mimi mtoto? Anayetaka kuficha kitu cha thamani angekifunika kwa kitu gani, kama si kwa zege? Hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote tangu nilipokuwa mwanahisa. Sina kundi la kuliandikia hilo.

Mke wangu kaniomba funguo za ofisi, anataka kuisafisha. Nimempa kwa furaha. Ameanza kulainika.

Jumatatu, 25 Machi

Naandika haya nikiwa kwenye kiti cha abiria, ndani ya gari la shule. Nitaeleza.

Nilifika kazini nikakuta meza yangu iko nje, barazani, na kiti juu yake, miguu hewani. Nikaingia. Chini ya dirisha langu, cherehani! Kamba ya magauni kutoka ukuta hadi ukuta. Mahali palipokuwa na picha ya alama za barabarani, kioo kirefu. Mbele ya kioo, bi harusi mtarajiwa anajigeuza kushoto na kulia. Na mke wangu, futi shingoni, pini mdomoni.

Nikamuuliza hii ni nini. Akazitoa pini. Akasema huu ni mlango. Akasema mali yangu mimi iko bondeni, sina shida ya ofisi. Kisha akaniomba radhi, ana mteja, akaufunga. Mlango wangu mwenyewe, kwenye pua yangu mwenyewe!

Niligonga. Nikagonga tena. Nikachungulia dirishani, nikamkuta Mama Mkunga naye yumo, anapimwa gauni la kwendea mtihani wa udereva. Akanipungia mkono.

Basi nimekaa garini. Namsikia mke wangu anacheka na wateja. Anacheka kwa sauti, kichwa nyuma, najua bila kumwona. Kicheko hicho nilikuwa nimekisahau. Nikubali, kinapendeza. Nilitamani kuingia.

Lakini hebu tutumie akili. Ningeipeleka ile fomu, ingekuwaje? Angepanga kile chumba cha sokoni, kodi kila mwezi, mwenye nyumba mgongoni. Kwa kuwa nilishikilia msimamo, amepata chumba bure, mbele ya barabara, chenye dirisha. Na hisa bado tunazo! Nani mwingine katika kundi lile ana chumba na ana hisa? Daktari? Yote haya kwa ajili ya uthabiti wangu, na asante sijaisikia. Hata chai sijaletewa.

Tena kuna jambo ambalo hakuna aliyeling'amua. Wenzangu wote wameuza. Maana yake katika wanahisa wadogo tumebaki sisi peke yetu. Hawajui walichotuachia! Kwa hiyo nimeitisha mkutano mkuu, humu humu garini. Aliyehudhuria: mimi. Aliyetoa udhuru: mke wangu, ana mteja. Hoja ya kuuza imeletwa, imejadiliwa kwa kina, imekataliwa. Nimechaguliwa mwenyekiti bila kupingwa. Kwa mara ya kwanza wanahisa wadogo wanazungumza kama watu wenye akili.

Mama Mkunga anagonga kioo, anasema saa yake ya somo imefika. Nimemwashiria asubiri nje. Kikao hakijafungwa.